Ndimu haimtengenezi kamba aliyeharibika

Ijumaa moja mwaka jana niliwaalika wakwe zangu chakula cha usiku. Nilikuwa nimechelewa, kwa hivyo nikanunua kilo moja na nusu ya kamba kwa muuzaji ambaye si wangu wa kila siku. Bei ilikuwa nzuri mno, na hilo peke yake lingenishtua. Nilipofungua mfuko nyumbani harufu ikanipiga puani. Badala ya kutupa nikafanya kama tulivyozoea: nikakamua ndimu saba, nikatia chumvi na thomu kwa wingi, nikawaacha walowe. Harufu ikafa, nikapika, na wageni wakasifu.

Usiku wa manane wifi yangu alikuwa hatoki chooni. Alfajiri tulikuwa hospitali na mwanawe wa miaka sita, ametundikiwa maji. Alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile nimeuliza na kusoma, na nataka kina mama na kina baba wanaoingia jikoni walijue hili.

Harufu ya kamba aliyekaa hutokana na kemikali zenye asili ya magadi. Asidi ya ndimu huzifunga zisipae hewani, na ndiyo maana pua hudanganyika. Uharibifu wenyewe uko pale pale. Hata moto hautoshi, kwa sababu baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria hazivunjwi kwa kupikwa.

Kwa hivyo mtazame kamba kabla ya kulipa. Kichwa kiwe kimeshika barabara, ganda ling'are, nyama iwe ngumu ukiibonyeza, na anuke bahari tu. Weusi kichwani si lazima uwe uozo: ni kama tunda lililokatwa likabadilika rangi, lakini unakwambia kamba huyo ana muda tangu afe. Wengi wa kamba wetu hutoka Ghuba ya Ungwana, Tana na Sabaki zinapomwaga maji baharini, na safari ya kutoka huko hadi Mombasa si fupi. Muulize muuzaji wako habari ya barafu, wala usione haya.

Sasa mapishi. Kilo moja hutosha watu wanne au watano. Menya, pasua mgongo utoe ule uzi mweusi (ndio utumbo wake), osha, kisha wachuje na uwafute mpaka wakauke. Kamba mwenye maji hachomeki, hutokota. Tia chumvi na pilipili manga basi. Ndimu iache kando. Ukiwalaza ndani ya ndimu saa mbili, asidi huigandisha nyama ikawa nyeupe na kavu kabla hata hujawasha jiko, na moto ukija juu yake utatafuna mpira.

Karai liwe moto kweli, mafuta kidogo, na uwapike kwa mafungu bila kuwabananisha. Dakika mbili upande wa kwanza, moja upande wa pili. Rangi itageuka kutoka kijivu hadi wekundu, kwani joto huifungua rangi iliyokuwa imefichwa na protini, kama kwa kaa. Akijikunja mfano wa herufi C, ameiva. Akijikunja hadi mkia ukagusa kichwa, umechelewa. Watoe.

Katika karai hilo hilo tia samli kijiko kimoja, thomu tano zilizopondwa, tangawizi na pilipili mbichi. Thomu ikianza kunukia, mimina maji ya machungwa mawili, uyachemshe hadi yawe mazito kidogo. Hapo epua, ndipo utie maji ya ndimu mbili. Ndimu ikichemka sana hupoteza ule ukali wake mtamu, na ikikamuliwa pamoja na maganda hubaki uchungu. Ukipenda, paruza ganda la kijani la juu kidogo, usifike kwenye weupe. Rudisha kamba, geuza mara mbili, nyunyiza dania.

Wanaotaka tui wasikosee hapa: tui zito lichemke polepole, na ndimu iingie baada ya kuepua, la sivyo litakatika. Na ukibahatika kupata danzi, achana na machungwa na ndimu zote mbili. Danzi lina ukali na uchungu wake ndani, na mimi sijaonja kinachomfaa kamba kuliko hilo. Maganda na vichwa usitupe, chemsha dakika ishirini upate supu ya kupikia wali.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja tena na mwanawe. Kabla sijawasha jiko aliivuta bakuli ya kamba, akainusa, akanirudishia bila kusema neno. Kisha akaketi kunisaidia kumenya.