Kuingiza picha zilizobanwa katika Inkscape

Kuingiza picha zilizobanwa katika Inkscape ni kazi ya kuleta faili la picha ya pikseli, kama vile JPEG, PNG au WebP, ndani ya mchoro wa vekta. Inkscape ni programu huria ya kuchorea iliyoanza mwaka 2003 ikitokana na programu ya Sodipodi. Huhifadhi michoro yake katika muundo wa SVG. Haifungui kila aina ya picha kwa uwezo wake yenyewe. Kwa miundo mingi hutegemea programu-jalizi, yaani vipande vidogo vya programu vinavyoongezwa ili kuipa uwezo mpya.

Pikseli na vekta

Picha ya pikseli ni jedwali la nukta za rangi. Picha yenye upana wa pikseli 4000 na kimo cha pikseli 3000 ina pikseli milioni 12. Kwa baiti 3 kila moja, ingechukua baiti milioni 36. Ndiyo sababu picha hubanwa. JPEG, kiwango cha mwaka 1992, hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa maelezo ambayo jicho la binadamu haliyaoni kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi. PNG hubana bila kupoteza kitu, kwa hiyo hufaa zaidi kwa nembo na maandishi. WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, inaweza kubana kwa njia zote mbili.

Mchoro wa vekta ni maelekezo ya mistari, mikunjo na rangi. Unaweza kukuzwa kutoka ukubwa wa stempu hadi bango la barabarani bila kufifia.

Kazi ya programu-jalizi

Ili kusoma picha za pikseli, Inkscape hutumia maktaba iitwayo GdkPixbuf. Maktaba hiyo nayo ina vipakizi vya miundo mbalimbali. Kipakizi kinachohitajika kikikosekana, picha haifunguki hata kama faili lenyewe ni zima. Hali hii hutokea kwenye baadhi ya mifumo ya Linux kwa picha za WebP, nayo huondoka mtumiaji akisakinisha kifurushi cha webp-pixbuf-loader na kuanzisha Inkscape upya. Kubadilisha jina la faili kutoka .webp kuwa .jpg si dawa, kwa sababu jina jipya halibadilishi kilichomo.

Kuna pia viendelezi, ambavyo mara nyingi huandikwa kwa lugha ya Python. Kila kiendelezi huambatana na faili la .inx linaloiarifu Inkscape kinafanya nini. Kiendelezi cha kuingiza hupokea faili, hulisoma, kisha huirudishia Inkscape maandishi ya SVG.

Kupachika au kuunganisha

Wakati wa kuingiza picha, Inkscape humtaka mtumiaji achague kati ya njia mbili. Akiipachika, data ya picha huandikwa ndani ya SVG kwa msimbo wa base64, ambao hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4. JPEG ya megabaiti 3 huongeza basi takriban megabaiti 4.

Akiiunganisha, SVG hubeba anwani ya picha tu na kubaki nyepesi. Hatari yake huonekana baadaye: mtu hunakili SVG kwenye flashi, huipeleka kwa mchapaji, na pale picha ilipokuwa panabaki pengo. Kabla ya kupeleka kazi, ni salama zaidi kutumia kiendelezi cha kupachika picha kilichomo ndani ya Inkscape. Kingine hufanya kinyume chake: huitoa picha iliyopachikwa na kuihifadhi kama faili la peke yake.

Ukubwa wa picha kwenye ukurasa hutegemea idadi ya pikseli kwa inchi. Picha yenye upana wa pikseli 1200 huwa na inchi 12.5 kwa kipimo cha 96, lakini inchi 4 tu kwa kipimo cha 300, ambacho ndicho hutumika sana katika uchapaji.

Kuingiza si kugeuza

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba JPEG iliyohifadhiwa ndani ya SVG imekuwa vekta. Sivyo, ikikuzwa, miraba yake huonekana kama kawaida. Ili kupata vekta, picha lazima ifuatishwe. Inkscape ina chombo cha kazi hiyo kinachotumia Potrace, programu iliyoandikwa na Peter Selinger.

Chombo hicho hakitofautishi mstari wa kweli na uchafu ulioachwa na mbano. Nembo iliyobanwa sana hutoa kingo zenye matuta na mamia ya nukta za kurekebisha kwa mkono. Ni heri kumwomba mwenye nembo faili la asili, au walau PNG, kabla ya kuanza.

Mchoro uliofuatishwa huwekwa juu ya picha ya awali, kwa hiyo wanaoanza hudhani hakuna kilichotokea. Inabidi kuusogeza kando na kuifuta picha. Isipofutwa na ilikuwa imepachikwa, faili hubaki na uzito uleule.