Mpiga Fidla wa Unguja na Istilahi za Kazi Yake

Neno fidla halikuja katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, kama yalivyokuja majina ya udi, kanuni na nai. Waarabu huiita ala hiyo kamani au kamanja. Sauti za jina la Kiswahili zaelekea kwenye Kiingereza. Hivyo, katika kikundi kimoja cha taarabu, chombo chenye jina la Kizungu huketi kati ya vyombo vyenye majina ya Kiarabu, nacho hupigwa kwa desturi itokayo Misri. Aghalabu hudhaniwa kwamba jina na ufundi husafiri katika jahazi moja, hapa sivyo.

Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze muziki. Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905, na mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri. Baadaye vyama vilipoiga okestra za filamu za Misri, fidla moja ikawa safu nzima.

Sababu ya kupendwa kwake imo katika umbo lake. Shingo ya fidla haina vigawanyo, basi kidole chaweza kutua popote. Makamu kama rasti na bayati hutaka sauti zilizo katikati ya zile za piano, na kodiani ya kawaida haiwezi kuzitoa. Katika desturi ya Misri nyuzi mbili nyembamba huteremshwa hatua nzima kila mmoja, ili nyuzi nne zitoe sol, re, sol, re badala ya sol, re, la, mi. Mwanafunzi aliyefundwa Kizungu huona vidole vyake vimepotea njia.

Uongozi nao una namna yake. Okestra ya Ulaya huongozwa na mtu asimamaye mbele na fimbo, asiyepiga chochote. Katika taarabu kiongozi huwa ndani ya safu, mara nyingi mpiga kanuni au mpiga fidla wa kwanza, na wenziwe hufuata upinde wake. Kumwita mtu huyo kondakta ni kumpandisha basi akatoze nauli! Kiongozi latosha. Kadhalika wako siku hizi wasemao “anacheza fidla”. Ilhali kwa Kiswahili ala hupigwa, na achezaye ni yule aliyeinuka kitini kwa utamu wake.

Istilahi hizi si mapambo. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2001, kilileta darasani ufundi uliokuwa ukirithiwa kwa kuketi karibu na fundi. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Mohamed Issa Matona, mpiga fidla na kiongozi wa muziki, mwana wa mwimbaji Issa Matona. Mwalimu wa namna hiyo hana budi kutaja kwa maneno kile ambacho wazee walikionyesha kwa mkono tu. Na haja ni kubwa zaidi bara: katika kumbi za harusi za Mbezi Beach, kinanda cha umeme huweza kutoa mlio wa fidla ishirini kwa vidole vya mtu mmoja, na mara nyingi zile sauti za katikati hazimo.