Mbwa wa nyumbani anapougua: Taja bajeti yako kabla ya matibabu

Mbwa akisusa chakula siku ya pili, swali la watoto huwa moja: “Tutampeleka lini hospitali?” Swali la mzazi ni jingine, na mara nyingi hubaki moyoni: nitalipa na nini? Ada ya shule inasubiri, kodi ya nyumba inasubiri, na bima ya afya ya familia haimhusu mbwa wala paka.

Hapo ndipo familia nyingi huamua kusubiri. Siku tatu baadaye mnyama hufikishwa kwa daktari akiwa hawezi hata kusimama. Tatizo ambalo pengine lingeisha kwa sindano na vidonge sasa linataka vipimo, dripu na kulazwa. Hofu ya gharama ndiyo imeongeza gharama.

Njia ya kuepuka hali hii huanza na jambo dogo ambalo wengi tunaona aibu kulifanya: kumwambia daktari wa mifugo, tangu mwanzo, una kiasi gani.

Sema mapema, uliza mapema

Kabla ya kutoka nyumbani, piga simu. Eleza dalili, umri wa mnyama, chanjo alizopata na siku alizougua. Uliza gharama ya kumwona daktari, na kama ni nafuu kumpeleka au daktari aje nyumbani, kwa kuwa akija huongezeka nauli yake.

Ukifika, taja bajeti yako bila kuzunguka. Kisha uliza maswali manne: Kipimo kipi ni cha lazima leo, na kipi kinaweza kusubiri? Kuna dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile? Anaweza kutibiwa akitokea nyumbani? Naweza kulipa kwa awamu? Daktari anayejua uwezo wako anaweza kupanga tiba utakayoimaliza. Asiyejua huenda akaandika tiba utakayoikatisha katikati, ukawa umepoteza fedha na mnyama hajapona.

Hakikisha pia unayemlipa ni mtaalamu. Kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, wataalamu hawa husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Usione vibaya kuuliza usajili. Ukikwama, anza na ofisa mifugo wa kata yako.

Dalili zisizosubiri

Mbwa mdogo anayetapika na kuhara damu asilale nyumbani hata usiku mmoja. Huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua haraka, hasa watoto wa mbwa wasiochanjwa. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Tiba ni kurudisha maji mwilini, kuzuia kutapika na kukinga maambukizi mengine, na huweza kuchukua siku kadhaa. Chanjo yake huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa hadi afikishe wiki 16 hivi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na siku hizo za dripu.

Wahi pia kwa daktari ukiona anapumua kwa shida, anapata degedege, tumbo limevimba ghafla, au paka dume anajikamua bila kutoa mkojo.

Vidonge vya nyumbani si nafuu

Paracetamol unayompa mtoto mwenye homa ni sumu kwa paka; hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua. Ibuprofen na diclofenac huweza kumletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Anayempa mnyama dawa hizi ili kuokoa fedha huishia kutibu ugonjwa wa kwanza pamoja na sumu.

Pasipobanwa matumizi

Kuna gharama moja ambayo familia yenye watoto haipaswi kuikwepa: chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa karibu maambukizi yote ya ugonjwa huu kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwamba watoto ni miongoni mwa waathirika wakubwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa hiyo mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa mate mengi au kushindwa kumeza, asilishwe dawa kwa mkono na mtu yeyote nyumbani. Watoto wakae mbali, kisha umpigie ofisa mifugo. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Atahitaji sindano kadhaa kwa siku tofauti, na gharama yake kwa kawaida huzidi mbali ile ya kumchanja mbwa.

Fuatilia matangazo ya halmashauri yako, hasa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa kipindi hicho huwa na kampeni za chanjo.

Kibubu cha mbwa

Kama mnyama ana bakuli lake, awe na kibubu chake. Sh500 kwa siku ni Sh15,000 kwa mwezi na Sh182,500 kwa mwaka. Fedha hizo zianze kulipia chanjo, dawa ya minyoo na dawa ya kupe, kwani kupe huambukiza mbwa magonjwa ya damu ambayo tiba yake huweza kuchukua wiki kadhaa. Zinazobaki ni za dharura. Watoto waachiwe kazi ya kuhesabu. Watajifunza kuwa kumpenda mnyama kuna gharama.

Fedha zikigota

Zipo siku ambazo hata ukijitahidi, kiasi kinachotakiwa hakipo, au daktari anasema tiba haitasaidia. Muulize basi namna ya kumpunguzia maumivu. Kama anateseka bila matumaini ya kupona, sindano ya kumkatisha uhai bila maumivu ni huduma ya kitaalamu. Kumtelekeza barabarani ni ukatili.

Usiwaambie watoto kwamba mbwa amekwenda shamba. Waeleze kwa maneno mepesi kwamba aliugua sana, mlifanya mlichoweza, na hakuna aliyekosea kwa kumpenda. Waache walie. Na kabla hamjaleta mbwa mwingine, pigeni kwanza hesabu ya chanjo zake.