Kusoma Al-Inkishafi kwa Tafakuri

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa katika visiwa vya Lamu takriban miaka 200 iliyopita, haifai kusomwa mbio. Humo mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, akiukaripia kwa kughurika na dunia. Anayeisoma kwa tafakuri huingia mahali pake, karipio likawa lake yeye.

Kila ubeti una mistari minne, na kila mstari mizani 11 inayogawanyika 6 kwa 5. Pumzi hutua penye mgawanyo huo, ndiyo maana ni bora kusoma kwa sauti hata mtu akiwa peke yake. Jicho hukimbia, ulimi haukimbii. Maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yaliyomtatiza msomaji hutafutiwa maana kwanza. Kisha ubeti husomwa tena mara mbili tatu, na kitabu hufungwa kwa muda.

Sehemu ya kukaa nayo zaidi ni ile ya magofu ya mji wa Pate. Vidaka vya ukutani, vilivyokuwa vikipangwa sahani za kaure, sasa vinalaliwa na makinda ya ndege. Kumbini wanalia nyenje. Hapa wengi hukimbilia fundisho, na hapo ndipo wanapopoteza shairi. Heri kukitazama kwanza kidaka chenyewe: chokaa, kivuli, manyoya. Swali kuhusu nyumba ya msomaji litakuja lenyewe.

Baadaye utenzi unageukia Kiyama na moto wa Jahannamu. Beti hizo zinastahili kikao chake.