Mtoto Akifariki Kabla ya Kulia

Leo tunazungumzia msiba ambao mara nyingi hauna matanga: mtoto anayefia tumboni baada ya wiki 28 za mimba, au anayefariki katika wiki ya kwanza ya maisha yake. Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalieleza kwamba karibu watoto milioni 2 huzaliwa wafu kila mwaka duniani.

Mtaa wetu wa Munyaka, mjini Eldoret, una makabila na dini nyingi. Familia ya Kiislamu yaweza kutaka mwili mapema ili uoshwe, uvikwe sanda na kuzikwa. Familia ya Kikristo yaweza kumwita padri au mchungaji. Wengine humzika mtoto kimya kimya, na wazee hawataki mama amwone. Basi mhudumu usikisie kwa jina la mtu au kabila lake. Uliza: "Mama, ungependa kumwona mtoto? Mmempa jina? Angezikwa wapi?"

Muulize mama mwenyewe, maana mara nyingi mambo huamuliwa yeye angali kitandani wodini. Wazee wakiwa na maoni tofauti, zungumza na mama faraghani kwanza, kisha waeleze wazee kwa heshima. Akikataa kumwona mtoto, usimlazimishe. Muulize tena kabla mwili haujaondolewa. Baba naye aulizwe, kwani amefiwa pia.

Nawe jirani, usimwambie "utapata mwingine." Usimuulize alikula nini wala nani alimtazama vibaya. Mwambie "pole," keti naye, mfulie nguo, mpikie uji.

Kumbuka mama huyu amezaa. Maziwa hujaa baada ya siku 2 hadi 4. Avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, na akamue kidogo tu kupunguza maumivu. Akitokwa na damu nyingi au uchafu unaonuka, akiwa na homa, au akiumwa sana na kichwa, apelekwe hospitalini mara moja.

Huzuni ni ya kawaida. Lakini ikipita wiki 2 naye hali wala halali, mpelekeni kituo cha afya. Akitaja kujiua, msingoje hata siku moja, wala asiachwe peke yake.

Mpenzi msikilizaji, mila zatofautiana, lakini kila mama ana haki ya kuulizwa. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.