Nafasi ya Chini ya Mwarobaini

Jirani yangu mmoja wa Tudor alinunua nyumba ya ghorofani, akaahidiwa kwa mdomo tu kwamba nafasi ya chini ya mwarobaini ni ya gari lake. Juzi msimamizi akaikodisha kwa mwenye duka. Hata salamu zikakatika.

Nikamwambia, "Mzee, toa hati tuisome." Nafasi haimo. Ahadi ya mdomo, ndugu msomaji! Lakini sheria ya mwaka 2020 ya nyumba za namna hii yasema kisichokuwa sehemu ya nyumba yoyote ni mali ya wenye nyumba wote. Vipi basi mwajiriwa wao aikodishe peke yake? Yaruhusu pia kamati ya ndani ya kusikiza mizozo.

Mzee ameitisha mkutano, Ijumaa baada ya Alasiri. Mwenye duka naye amealikwa.