Mjakaranda: Mti wa Kivuli, Lakini Mgeni

Jua la kiangazi hapa Karatu unalijua. Mjakaranda hukua upesi, hutoa kivuli na maua ya zambarau.

Chuma matunda makavu kabla hayajapasuka. Yaanike mpaka yafunguke. Mbegu ni nyembamba kama karatasi. Ziloweke maji baridi usiku mmoja. Jaza viriba udongo mweusi uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Funika mbegu kwa udongo kidogo tu. Ukizifukia sana hazitoki. Weka kivulini, mwagilia. Zitaota baada ya wiki mbili au tatu.

Miche ikifika magotini, ihamishie shimoni mvua za Machi zikianza, hatua kumi kutoka nyumba. Zungushia miiba, maana mbuzi hawana subira.

Lakini angalia! Mti huu ni mgeni kutoka Amerika Kusini, na mbegu zake hupeperushwa na upepo. Je, unaishi kando ya msitu wa Ngorongoro, au ndani ya Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959? Basi usiupande. Mimea migeni ikienea, ya asili husongwa na malisho hupungua. Muulize bwana misitu juu ya miti ya asili, kama mringaringa wenye maua meupe. Kivuli chako kisiwe hasara ya jirani.